Baada ya jua na upepo: mpango wa umeme wa kaboni ndogo hadi 2050 uweke nini?

Nusukipenyo (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Nipo kwenye kazi ya kuandaa mpango wa miaka 25 wa gridi ya ukubwa wa kati. Mahitaji ya juu kabisa ni 2,000 MW, usiku wa manane yanashuka hadi 1,000 MW hivi. Leo umeme mwingi unatoka kwenye gesi na makaa ya mawe. Sharti la mpango: kufikia 2050 wastani usizidi gramu 50 za kaboni dayoksaidi kwa kilowatisaa, ukihesabu tangu kuchimba madini ya kutengenezea mtambo mpaka kuubomoa.

Kwa makadirio ya kati ya IPCC (jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi) ya 2014, makaa ni gramu 820, gesi 490, paneli za jua 41 hadi 48, jotoardhi 38, maporomoko ya maji 24, nyuklia 12 na upepo 11 hadi 12. Maana yake karibu kila kisichochoma kitu kinapita mtihani. Hapo sina ugomvi. Ninapokwama ni hapa:

1. Je, paneli na betri peke yake zinaweza kubeba mzigo wote, au kuna mahali hesabu inagoma?
2. Jotoardhi ya kina kirefu, vinu vidogo vya nyuklia, muungano wa viini vya atomu (kuunganisha badala ya kupasua): kipi kiingie kwenye mpango na kipi kibaki pembeni?
3. Jenereta kubwa zinazozunguka zikizimwa zote, gridi inasimamia nini?

Naomba namba. Vipeperushi vya wauzaji nimeshavisoma vya kutosha.

---

Kilowatisaa

Mkuu, swali la kwanza lifanye kwa kalamu na karatasi kabla hujafungua programu yoyote.

Chukua mzigo wa 100 MW usiopanda wala kushuka. Kwa siku unakula 2,400 MWh. Tuseme saa 8 za mchana paneli zinaubeba zenyewe, hiyo ni 800 MWh. Zinabaki saa 16, yaani 1,600 MWh, na zote zitoke kwenye betri. Betri za lithiamu aina ya fosfati ya chuma, ukipima mwanzo hadi mwisho kwenye transfoma ya kituo, zinarudisha kama 86% ya ulichoingiza. Kingine kinaishia kwenye joto la seli, inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa betri na paneli kuwa wa gridi) na vipoza vya makontena. Kwa hiyo ili utoe 1,600 lazima uingize 1,860. Paneli zinatakiwa kutoa 2,660 MWh kwa siku. Mahali penye saa 5 za jua kamili, ukishakata vumbi, joto na upotevu wa nyaya, kila kilowati ya paneli inakupa takriban kWh 4. Jibu: 665 MW za paneli kwa mzigo wa 100 MW.

Watu wengi hushtukia hapo, lakini hiyo ndiyo sehemu nyepesi.

Kwenye betri usiandike 1,600 MWh. Hutumii seli kutoka 0 hadi 100, unatumia kama 90%. Halafu unataka kituo kiendelee kufanya kazi yake hata seli zikiwa zimechakaa mpaka 80% ya uwezo wa mwanzo. 1,600 gawanya kwa 0.9 na tena kwa 0.8 ni 2,222 MWh. Hiyo ndiyo namba ya kuagizia.

Sasa leta siku tatu mfululizo za mawingu mazito, paneli zikitoa 30% tu. Kila siku unapata karibu 800 MWh dhidi ya 2,400 unazohitaji. Pengo la siku tatu ni 4,800 MWh. Hata kama betri iliingia kwenye mawingu ikiwa imejaa, bado unadaiwa 3,200. Unaweza kununua betri zaidi, ila angalia zitafanya kazi mara ngapi. Betri inayojazwa na kumwagwa mara 330 kwa mwaka, kwa miaka 15, inatoa mizunguko 4,950. Ile ya akiba inayoguswa mara 10 kwa mwaka inatoa 150. Bei ya ununuzi ni ileile, lakini kila kilowatisaa inayotoka kwenye ile ya pili imekugharimu mara 33. Hesabu inagomea hapo, wala si usiku wa kawaida.

Kama una milima, angalia mabwawa mawili, la juu na la chini, yenye pampu katikati. Mita moja ya ujazo ya maji ikishuka mita 300, kwa ufanisi wa 90%, inatoa kWh 0.735. Pengo lile la 4,800 MWh linahitaji maji mita za ujazo milioni 6.5, yaani bwawa la hekta 33 lenye kina cha mita 20. Si dogo, ila linajengeka na linadumu kuliko seli yoyote. Dinorwig kule Wales imekuwa ikifanya kazi hii tangu 1984, ina zaidi ya 1,700 MW na akiba ya GWh 9 hivi. Kwenda na kurudi unapoteza karibu robo ya umeme, kubali tu.

Jambo la mwisho ambalo wauzaji hawalisemi. Seli za fosfati ya chuma volteji yake karibu haisogei kati ya 20% na 80% ya chaji, inakaa palepale kwenye volti 3.2 na kitu. Mfumo wa usimamizi unakadiria chaji kwa kuhesabu mkondo unaoingia na kutoka, na kosa dogo la kipima mkondo linajikusanya siku hadi siku. Baada ya wiki kadhaa skrini inakuambia 40%, kumbe safu moja ina 25%, na kituo kizima kinakatika saa mbili usiku wakati unakihitaji. Weka kwenye mkataba wa uendeshaji kwamba kila safu ijazwe mpaka juu kabisa kwa ratiba maalumu ili mfumo ujisahihishe. Na makontena yawe na vihisi vya gesi pamoja na paa la kupasukia. Seli ikichemka hutoa haidrojeni na gesi nyingine zinazowaka, na kontena lililofungwa kabisa linageuka bomu hata kabla moto haujaonekana.

---

Hezi50

Nichukue la tatu, maana ndilo linaloangusha mipango mizuri.

Jenereta kubwa ina rota ya mamia ya tani inayozunguka sambamba na gridi. Mtambo mwingine ukikatika ghafla, kabla ya mtu au kompyuta yoyote kufanya lolote, rota zilizobaki zinatoa nguvu kutoka kwenye mzunguko wao wenyewe. Hiyo ndiyo inesha, ule ukaidi wa kitu kizito kukataa kubadili mwendo. Paneli na betri hazina kitu kinachozunguka, na mtambo wa upepo unazunguka nyuma ya inveta, gridi haiuhisi.

Tumia gridi yako. Tuseme una jenereta za jumla ya MVA 2,500 zenye inesha ya sekunde 4: akiba ni megawati-sekunde 10,000. Ukipoteza 200 MW, masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde, kawaida Hz 50) yanaanza kuanguka kwa 200 × 50 ÷ (2 × 10,000), sawa na Hz 0.5 kwa sekunde. Kutoka 50 hadi 49 una sekunde mbili. Sasa zima robo tatu ya hizo jenereta. Akiba inabaki 2,500, anguko linakuwa Hz 2 kwa sekunde, na una nusu sekunde. Rilei ya kukata mzigo (kifaa kinachotambua tatizo na kuamuru swichi zikate) inahitaji milisekunde 100 hadi 200 kupima masafa kwa uhakika, na sakiti breka milisekunde 50 hadi 100 kufunguka. Nusu ya muda wako imeshaliwa kabla hakijafanyika chochote.

Mfano halisi: Australia Kusini, 28 Septemba 2016. Dhoruba iliangusha nguzo za msongo mkubwa na volteji ikachezacheza mara kadhaa ndani ya dakika mbili. Mashamba 9 ya upepo yalikuwa na mpangilio kwenye programu zake: volteji ikizama zaidi ya idadi fulani ya mara, punguza uzalishaji. Zikapotea 456 MW. Laini ya kuunganisha na jimbo jirani ikazidiwa ikakatika, masafa yakaanguka kwa zaidi ya Hz 6 kwa sekunde, jimbo zima likawa giza. Upepo wenyewe ulikuwepo, na mitambo ilikuwa mizima. Kilichoiangusha ni namba moja kwenye programu ambayo waendeshaji wa gridi hawakuijua.

Kwa hiyo vitu vya kuweka kwenye mpango wako:

Mashine sinkronasi zisizo na turbaini. Ni jenereta inayozungushwa na gridi yenyewe, mara nyingi ikiwa na gurudumu zito kwenye shafti. Haizalishi umeme, inakula kama 1% hadi 2% ya ukubwa wake, lakini inakupa inesha, volteji na mkondo wa hitilafu (mkondo mkubwa unaoiwezesha kinga kuona shoti). Mitambo yako ya makaa inapostaafu usiiuze yote chuma chakavu. Jenereta inayofaa inaweza kutenganishwa na turbaini yake ikaachwa izunguke peke yake. Kagua insulesheni ya stata na beringi kabla hujaahidi mtu.

Inveta kiongozi. Inveta za kawaida ni wafuasi: zinasoma volteji ya gridi, halafu zinasukuma mkondo kuifuata. Gridi ikiyumba zinafuata kuyumba. Inveta kiongozi inatengeneza volteji yake yenyewe na kuishikilia, kama jenereta inavyofanya. Hizi zidai kwenye kila betri kubwa kuanzia sasa, kwa sababu kuzibadilisha baadaye ni ghali kuliko kuziagiza mwanzoni. Acha nafasi ya uwezo, lakini. Inveta inayotoa 100% ya ukubwa wake haina cha kuongeza siku ya shida.

Kinga. Hapa mafundi wengi wanasahau. Jenereta ikipatwa na shoti kwenye laini inamwaga mara 5 hadi 7 ya mkondo wake wa kawaida, rilei inaona na kukata. Inveta inatoa mara 1.1 hadi 1.5 tu, kwa kuwa transista zake zingeungua. Rilei iliyopangwa kwa gridi ya zamani inaweza kutazama shoti ikadhani ni mzigo. Kila unapostaafisha mtambo mkubwa, hesabu za kinga za eneo hilo zirudiwe.

---

Jotochini

Swali la pili, upande wa jotoardhi.

Mahali pengi duniani joto linaongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita unayoshuka. Kufika nyuzi 200 unahitaji kilomita 6 au 7. Penye volkano unazipata kwenye kilomita mbili, na hiyo ni jotoardhi ya kawaida, teknolojia iliyokomaa. Ikiwa unayo, iwe ya kwanza kwenye orodha yako: inafanya kazi mchana na usiku, na jenereta zake zinazunguka, kwa hiyo unamsaidia Hezi50 vilevile.

Kilicho kipya ni kuunda hifadhi ya joto kwenye mwamba mkavu. Unachoronga kisima kinachoshuka wima halafu kinalala mlalo, unaupasua mwamba kwa maji ya shinikizo, kisha unachoronga cha pili sambamba. Maji yanaingia kwa kimoja, yanapita kwenye nyufa, yanatoka moto kwa kingine. Jaribio lililofanyika Nevada mwaka 2023 lilikuwa na visima vyenye sehemu ya mlalo karibu kilomita moja, mwamba wa nyuzi 191 na maji lita 63 kwa sekunde. Ukipoza maji hayo kwa nyuzi 110 kwenye kibadilisha joto, unapata kama MW 28 za joto. Mtambo wa kimiminika cha pili kinachochemka mapema, kwa ufanisi wa 12%, unageuza hizo kuwa MW 3.4 hivi. Ndicho kiwango walichotangaza, 3.5. Kwa hiyo jozi moja ya visima ni MW 3 au 4. Kwa 100 MW panga jozi 25 au zaidi mpaka vipenyo viongezeke. Na usisahau pampu za kusukuma maji chini, zinakula sehemu ya hicho unachozalisha.

Mambo yanayoharibika:

Saruji. Saruji ya kawaida ikipita nyuzi 110 hivi inapoteza nguvu na kuanza kupitisha maji. Dawa ni unga wa silika, 35% hadi 40% ya uzito wa saruji. Mkandarasi anayekwambia silika si lazima, mwonyeshe mlango.

Bomba la ukuta wa kisima. Mita 1,000 za chuma zikipanda nyuzi 150 zinataka kurefuka mita 1.8. Zimeshikwa na saruji, hazina pa kwenda, kwa hiyo nguvu zote zinaishia kwenye maungio. Ubaya zaidi ni maji yaliyonaswa kati ya bomba la ndani na la nje pale saruji ilipoacha uwazi. Kisima kinapopata moto kwa mara ya kwanza, maji hayo yanatanuka na kulifinya bomba la ndani kama kopo. Saruji ipande hadi juu bila pengo, na kisima kipashwe moto polepole, kwa siku kadhaa, wala si kwa kufungua vali mara moja.

Njia ya mkato. Ufa mmoja mpana ukibeba maji mengi kuliko mingine, mwamba wake unapoa haraka na maji yanaanza kutoka vuguvugu wakati sehemu kubwa ya mwamba bado ni moto. Dai majaribio ya vifuatilio vya rangi kabla ya kulipa malipo ya mwisho. Rangi ikitokea upande wa pili mapema mno, una mkato.

Matetemeko. Basel, Uswisi, 2006, tetemeko la 3.4, mradi ukafa. Pohang, Korea Kusini, Novemba 2017, la takriban 5.5, watu wengi waliumia, na uchunguzi ulihusisha maji yaliyosukumwa kwenye mpasuko ambao haukuwa umetambuliwa. Vipima mitetemo viwekwe miezi kadhaa kabla ya kuchoronga ili ujue hali ya asili ya eneo, na viwango vya kusimamisha pampu viandikwe kwenye kibali.

Kuhusu miamba ya moto kupita kiasi, inayosemwa kutoa nguvu maradufu: Aisilandi, mwaka 2009, kisima kule Krafla kiligonga magma kwenye kina cha mita 2,100. Mvuke ulifika nyuzi 450. Ulikuja na asidi na silika, vali zikaharibika, na 2012 kikafungwa. Fizikia ni nzuri, metali bado. Weka baada ya 2040.

---

Kiini_U

Kwenye nyuklia kanuni moja inakuamulia mengi: mtambo mmoja usizidi karibu 10% ya gridi, la sivyo ukikatika unaangusha wote. Wewe una 2,000 MW mchana na 1,000 usiku. Kinu kama Olkiluoto 3 cha Finland, 1,600 MW, hakikuhusu hata ukipewa bure. Unaongelea vinu vya MW 100 hadi 200, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kutaka vinu vidogo.

Bei ni suala jingine. Kwa kanuni ya kawaida ya viwanda, gharama inakua kwa ukubwa ulionyanyuliwa kwa kipeo cha 0.6. Kinu cha MW 300 badala ya 1,200 kinagharimu 43% ya kile kikubwa, ilhali kinatoa 25% tu. Kila megawati ni ghali kwa 74%. Tegemeo ni kwamba kiwanda kitatengeneza vingi vinavyofanana na bei ishuke. Huenda. Lakini mtu wa kwanza, wa pili na wa tatu ndio wanaolipia mafunzo hayo. Marekani, mradi wa moduli 6 za MW 77 uliokusudiwa Idaho ulifutwa Novemba 2023 baada ya bei lengwa kupanda kutoka dola 58 hadi 89 kwa MWh. China kinu cha Shidao Bay, kinachopozwa kwa heliamu ya nyuzi 750, 210 MW, kilianza kujengwa 2012 na kuingia kwenye biashara Desemba 2023. Miaka 11. Ushauri wangu: andika nyuklia kwa miaka ya 2040, tenga eneo na maji sasa, na usisaini muundo ambao haujawahi kuendeshwa mahali popote.

Maji nayazungumzia kwa sababu yanachagua eneo kabla ya kitu kingine. Kila 1,000 MW za umeme zinaambatana na karibu 2,000 MW za joto la kutupa. Ukitumia mto au bahari moja kwa moja na kuruhusu maji yapande nyuzi 10, unahitaji mita za ujazo 48 kwa sekunde. Kwa minara ya kupoza unavukiza chini ya mita moja ya ujazo kwa sekunde, ila hayo hayarudi. Gawanya kwa 5 kwa kinu cha 200 MW, kisha linganisha na mto wakati wa kiangazi, usitumie wastani wa mwaka.

Kuzima kinu hakuzimi joto. Sekunde ya kwanza baada ya mpasuko kusimama, viini vilivyopasuka vinaendelea kutoa 6% hadi 7% ya joto la awali, baada ya saa moja 1.5% hivi, baada ya siku bado ni karibu nusu ya asilimia. Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja: bila umeme na bila mtu, mafuta ya nyuklia yanapozwa kwa muda gani? Akijibu kwa saa, ni muundo wa zamani. Akijibu siku, mwambie aonyeshe jaribio.

Na vinu vinavyofanana vina ugonjwa unaofanana. Ufaransa mwishoni mwa 2021 waligundua nyufa za kutu ya msongo kwenye mabomba ya dharura ya kinu kimoja, ikabidi wasimamishe na kukagua vingine vyenye muundo wa karibu. Mwaka 2022 uzalishaji wao wa nyuklia ulikuwa TWh 279 tu, wa chini kabisa kwa zaidi ya miaka 30. Ukinunua vinu 6 vya aina moja, akiba yako isihesabu kwamba vitaumwa kwa zamu.

Muungano wa viini uache nje ya mpango. Desemba 2022 maabara ya Marekani ilipata megajuli 3.15 kwa leza ya megajuli 2.05, ila leza zenyewe zilivuta takriban megajuli 300 kutoka ukutani. Zaidi ya hapo kuna tritiamu, haidrojeni nzito yenye mionzi ambayo ndiyo mafuta ya muungano. Mtambo wa GW 1 ya nguvu ya muungano unaichoma kama kilo 55 kwa mwaka, na akiba ya kiraia ya dunia nzima ni makumi machache ya kilo, tena inapungua nusu kila miaka 12.3. Lazima mtambo uizalishe mwenyewe kutoka kwenye lithiamu, na blanketi (tabaka la lithiamu linalozunguka kiini cha mtambo) la kufanya hivyo kwa kiwango cha mtambo halijaonyeshwa likifanya kazi.

---

Bawa3

Niongeze mawili kwa ufupi.

Upepo unaoelea baharini umeshatoka kwenye majaribio. Hywind Scotland, 2017, mitambo 5 ya MW 6. Hywind Tampen ya Norwe, 2023, mitambo 11 kwenye kina cha mita 260 hadi 300. Jambo la kuandika kwenye bajeti: 2024 mitambo yote mitano ya Scotland ilikokotwa hadi Norwe kwa matengenezo makubwa. Meli ya kreni haiwezi kubadilisha beringi kuu juu ya kitu kinachoyumba, kwa hiyo unakata nyaya, unafungua minyororo, unakokota. Hakikisha kuna bandari yenye kina cha kutosha kwa boya, na kwamba kebo ya umeme ina kiungio cha kufungulika. Bila kiungio hicho kila safari ya matengenezo ni kazi ya wiki za nyongeza.

Paneli za perovskaiti (aina mpya ya fuwele inayonasa mwanga) juu ya silikoni: silikoni peke yake ina ukomo wa kinadharia wa 29.4%, hizi za tabaka mbili zimepita 34% maabara. Tatizo ni umri. Unyevu, joto na ioni zinazohama ndani ya fuwele. Usikubali cheti cha ufanisi pekee, dai saa 1,000 za nyuzi 85 na unyevu 85%, na zaidi ya hapo dai jaribio la mwanga na joto kwa pamoja, kwani kuna seli zinazofaulu gizani na kufa juani. Zina madini ya risasi pia, kwa hiyo mkataba useme nani anazichukua zikifa.

---

Nusukipenyo

Asanteni sana wakuu, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Kilowatisaa, lile pengo la siku tatu: vipi haidrojeni? Eneo langu halina milima ya mabwawa mawili.

---

Kilowatisaa

Inawezekana, ila ujue unalipa nini. Elektrolaiza (mashine inayopasua maji kwa umeme kutoa haidrojeni) inakula kWh 52 hadi 55 kwa kilo moja ya haidrojeni, ongeza 2 au 3 za kuigandamiza. Kilo hiyo ina kWh 33.3, na turbaini nzuri ya mzunguko pacha kwa 55% inakurudishia 18. Umeingiza 57, umetoa 18: chini ya theluthi moja. Kwa kazi ya kila siku ni ufujaji. Kwa siku kumi kwa mwaka inaingia akilini, kwa sababu ghala la gesi ni rahisi kupanua kuliko betri. Lile pengo la 3,200 MWh kwa mzigo wa mfano wa 100 MW ni kama tani 178 za haidrojeni. Kwenye matangi ya chuma ni mzigo, kwenye pango la chumvi chini ya ardhi ni kitu kidogo. Kwa hiyo anza kwa kuuliza wanajiolojia kama una tabaka la chumvi.

Elektrolaiza za alkali zisiendeshwe chini ya 20% hadi 30% ya uwezo. Mtiririko ukiwa mdogo, haidrojeni inavuja kupitia kitambaa hadi upande wa oksijeni, na mchanganyiko unaweza kufikia kiwango cha kulipuka. Zile za utando wa polima zinavumilia jua linalopanda na kushuka, ila zinataka iridiamu, madini adimu mno.

Kama haidrojeni haikubali, usione aibu kubakiza turbaini chache za gesi kwa siku hizo. Ukichoma gesi kwa 4% ya kilowatisaa za mwaka, unaongeza gramu 20 kwenye wastani. Weka upepo, maji na jotoardhi ya kutosha kwenye mchanganyiko, bado uko chini ya 50.

---

Hezi50

Kilowatisaa, hapo juu umetumia saa 5 za jua, huo ni wastani wa mwaka. Paneli zipimwe kwa mwezi mbaya. Mwezi mbaya ukiwa na saa 3.4, kila kilowati inatoa kWh 2.72, na zile 665 MW zinakuwa 978.

---

Kilowatisaa

Kweli kabisa, nilikosea kuanzia kwenye wastani. Mleta uzi, tumia 978. Na ile 30% ya siku za mawingu usiichukue kwangu. Chota rekodi za kila saa za angalau miaka 10 za eneo lako, tafuta siku tatu mfululizo zilizo mbaya kuliko zote, kisha fungua faili la upepo la tarehe zilezile uone nao ulikuwa unafanya nini.